Majina ya Waliouawa

Mwezi uliopita nilikwenda kumsikiliza mwandishi mmoja anayeandika juu ya mauaji ya kweli. Alitusimulia habari za Holcomb, kijiji cha Kansas, Marekani. Usiku wa kuamkia 15 Novemba 1959, wanaume wawili waliingia nyumbani mwa mkulima wakitafuta sanduku la fedha. Halikuwamo. Wakaua watu wote wanne wa nyumba ile. Wauaji walinyongwa mwaka 1965. Mwaka 1966 Truman Capote akatoa kitabu chake, nacho kikasomwa mahali pengi.

Naungama: nilisikiliza kwa tamaa. Sote tuliuliza juu ya wauaji tu. Ndipo mama mmoja wa parokia yetu, ambaye mwanawe aliuawa, akaondoka kimya. Nikamfuata.

“Mwalimu,” akasema, “hakuna aliyeuliza majina ya wafu.”

Nikaona haya. Mimi niliyeongoza sala kaburini, jina la mwanawe nilikuwa nimelisahau. Nikamwomba anitajie.

Sasa kila jioni namtaja kijana yule, pamoja na Herbert, Bonnie, Nancy na Kenyon wa Holcomb. Kisha nawaombea wauaji, maana Bwana wetu hakumkataa mnyang'anyi msalabani. Lakini naanza na waliouawa.