Ngozi za Baba na Taasisi ya Viwanda

Mwaka uliopita wengi wenu mliandika juu ya mapenzi ya shuleni na ajali za barabara ya Namanga. Mimi leo nimechagua ngozi za ng'ombe na afisi ya serikali. Ngojeni, msigeuze ukurasa bado! Harufu ya ngozi naijua kuliko ninyi nyote, maana mimi hulala nayo.

Nyumbani kwetu Kitengela baba yangu ni mnunuzi wa ngozi. Kila alfajiri hupita machinjioni na kwenye mabucha akakusanya za ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nyingine humfikia kwa lori kutoka Bissil na Kajiado mjini. Huzipaka chumvi, akazikunja, akazipanga katika stoo iliyo nyuma ya nyumba mpaka mnunuzi mkubwa aje. Majirani wakipita hapo huziba pua. Lakini hizo hizo ndizo zilizomlipia dada yangu karo hadi akamaliza kidato cha nne, na ndizo zilizonifikisha mimi hapa nilipo.

Sasa mambo yamegeuka. Baba anasema zamani ngozi moja nzuri ya ng'ombe ilinunua unga wa wiki nzima na chenji ikabaki. Siku hizi mwenye bucha humpa bure, ati amwondolee uvundo tu. Mnunuzi mkubwa naye huja akipenda, na akija hukopa. Juzi usiku nilimsikia baba akimwambia mama kwamba Desemba ikifika bila bei kupanda atafunga stoo, aende kuuza viatu vya mitumba kama watu wengine. Mama hakujibu neno. Mimi nikabaki nikiwaza kitandani: hivyo viatu vya mitumba, vile vizuri ambavyo watu hung'ang'ania, si vimeshonwa kwa ngozi?

Basi nikaanza kuuliza. Mwalimu wetu wa Kemia alinieleza kwamba chumvi haiigeuzi ngozi. Huvuta maji tu ili bakteria wasiile upesi. Ili idumu lazima ilowekwe katika chokaa manyoya yatoke, kisha itiwe dawa, ama tanini inayotoka kwenye magome ya miti kama muwati, ama chumvi za kromiamu. Ile ya kromiamu hutoka na rangi ya samawati. Ngozi nyingi za Kenya huuzwa ng'ambo zikiwa katika hali hiyo ya samawati, bado zina majimaji, hazijawa kiatu wala mkoba. Faida kubwa iko mbele ya hapo, na sisi tunaishia mlangoni. Isitoshe, maji ya kromiamu yakimwagwa mtoni bila kusafishwa ni balaa kwa samaki, ng'ombe na watu.

Koko wa jirani yetu alicheka nilipomsomea maelezo hayo. Yeye tangu usichana wake anajua kuwamba ngozi kwa vigingi, kuiparua na kuisugua mafuta mpaka ilainike. “Ngozi ivute i maji,” akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kimaasai. Ni kweli, lakini ngozi ya koko ni ya kulalia. Haijatengenezwa kwa kupita kwenye mashine ya viatu. Kutoka kwa koko hadi kiwandani pana safari, na safari hiyo jina lake ni utafiti.

Nikadhani serikali haina watu wa kazi hiyo. Kumbe wapo, tena wa zamani! Historia yao inachekesha kidogo, kwa sababu afisi za namna hii huzaliwa watu wakishikwa na dhiki. Uingereza ilianzisha idara yake ya utafiti wa sayansi na viwanda mwaka 1916, katikati ya vita, baada ya kugundua kwamba rangi nyingi za nguo zake zilikuwa zikitoka Ujerumani, yaani kwa adui. Huku kwetu bodi ya utafiti wa viwanda ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili, meli zilipokuwa hazileti bidhaa. Bodi hiyo ikakua ikawa shirika la nchi zote tatu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika likabaki kama mtoto ambaye wazazi wameachana. Mwaka huo huo Kenya ilipitisha Sheria ya Sayansi na Teknolojia, na ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1979 ikazaliwa Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Viwanda ya Kenya, ile inayoitwa KIRDI. Tanzania nayo iliunda yake, TIRDO, mwaka huo wa 1979. Uganda ikafuata baadaye.

KIRDI iko Nairobi, matatu moja tu kutoka hapa, na ina kituo cha ngozi. Mimi nimekaa na ngozi miaka kumi na sita bila kusikia habari zake. Baba pia hakuwahi kusikia.

Jirani yangu wa dawati anasema haya mambo ya utafiti ni ya Wazungu, sisi tuuze tu tulicho nacho. Nilimuuliza kama amewahi kula mahindi ya Katumani. Yale yanayokomaa mvua ikiwa haba yalitoka katika kituo cha utafiti pale Machakos. Akanyamaza, ingawa si kwa muda mrefu, si mnamjua!

Rai yangu ni hii. Kuandika sheria tumeweza. Ile ya mwaka 2013 inasema kwamba asilimia 2 ya pato la taifa iende katika mfuko wa utafiti kila mwaka, na kiasi hicho hakijawahi kufikiwa. Kodi nayo tumeweza: mwaka 2007 kodi ya ngozi mbichi zinazouzwa nje ilifikishwa asilimia 40 ili zibaki nchini zitengenezwe hapa. Lakini zikibaki na viwanda vya kuzipokea ni vichache, mkusanyaji kama baba atamuuzia nani? Ngozi ziko Kajiado, wataalamu wako Nairobi, na katikati hakuna anayepita isipokuwa mnunuzi mkubwa. Mimi ningependa kuona hata chumba kimoja hapa kaunti, chenye mapipa, dawa na mtu wa kufundisha.

Nimeandika barua kwa taasisi hiyo kuuliza jinsi mtu mdogo anavyoweza kupeleka ngozi zake zikatengenezwe, na kama wanafundisha. Mwalimu wa Kemia ameipitia. Baba aliisoma mara mbili chini ya taa, kisha akaniambia niongeze swali moja: je, mwenye ngozi 60 tu anapokelewa, ama ni wenye malori peke yao? Nikaliongeza. Barua iliondoka Ijumaa, na stoo bado imejaa.