"Imekataa" Si Jibu

Wacha niseme wazi: laptopu nyingi tunazoita mzee hazijazeeka. Zimeachwa tu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na mashine za mtumba kama HP EliteBook 840 G3 haziko kwa orodha ya Windows 11. Sasa mwanafunzi anaambiwa anunue ingine. Na pesa gani?

Binamu yangu alibakisha wiki mbili apeleke project yake. Fundi mmoja mjini alijaribu kumwekea Linux, skrini ikawa nyeusi, akasema mazabodi imeenda, lete elfu 12. Akaniletea mimi, yule wa familia aliyeacha kampasi.

Wasee, skrini nyeusi si cheti cha kifo. Unafuata hatua moja moja.

Kwanza, faili. Bando ikikatika katikati unabaki na ISO nusu, na utalaumu mashine bure. Linganisha SHA256 ya faili yako na ile Linux Mint wameweka kwa tovuti yao. Zikitofautiana hata herufi moja, dauniload tena.

Pili, fleshi. Ukikopi ISO vile unakopi muvi, haiwaki. Iandike na Rufus au balenaEtcher, na ujue kila kitu kwa hiyo fleshi kitafutika.

Tatu, mashine ikiruka fleshi iingie Windows moja kwa moja, izime. Kwa HP nyingi unawasha ukigonga Esc, halafu F9, unachagua fleshi.

Nne, ile skrini nyeusi yenyewe. Mara nyingi ni kadi ya picha haielewani na dereva. Kwa menyu ya kwanza bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, ongeza neno nomodeset baada ya quiet splash, bonyeza F10. Ya binamu ikafunguka hapo hapo. Mazabodi ilikuwa sawa kabisa.

Na kabla ya kubonyeza "install", hifadhi kazi yako kwingine. Ukichagua kufuta diski yote, inafuta kweli. Project yake tulikuwa tumeitoa mapema, na aliipeleka kwa wakati.

Sitakudanganya pia: Linux si dawa ya kila kitu. Premiere haiko huko, mimi naedit na Kdenlive. Lakini eCitizen na HELB ni brauza tu, zinafunguka.

Kinachoniuma si fundi. Ni vile tumezoea kuogopa maandishi ya kosa, tunamlipa mtu asome kwa niaba yetu, na yeye pia hasomi. Elfu 12 ni kodi ya bedsitter ya mtu.

Kama umekwama, niandikie hapo chini. Lakini usiniambie "imekataa." Niambie skrini imesema nini, neno kwa neno. Tuanzie hapo.