Usimvute Samaki kwa Pupa

Mimi ni mtu wa Msamvu, na tangu utoto wangu navua kwa ndoana katika mto Ngerengere. Mto huu watoka milima ya Uluguru, waingia bwawa la Mindu, kisha waendelea hata kuungana na Ruvu. Si mto mkubwa. Lakini katika mito midogo kama huu, samaki wengi hutuponyoka pale ukingoni, wakati tumekwisha kuwanasa.

Ijumaa moja ya Kwaresima iliyopita, nyumbani hapakuwa na kitoweo. Nikaenda mtoni na mjukuu wangu wa miaka tisa. Ndoana yake ikamnasa kambale mnene. Kwa furaha mtoto akainua ufito kwa nguvu zake zote. Kambale akajipinda hewani, mshipi ukakatika. Nilimgombeza hata akalia.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilikumbuka kwamba nilimfundisha kutia chambo tu. Jinsi ya kumtoa samaki majini sikumfundisha hata siku moja. Kulipokucha nikamwambia, "Mjukuu wangu, kosa lilikuwa langu." Tukarudi mtoni, nikamfundisha haya, nanyi yafaa myajue.

Kabla ya kutupa ndoana, chagua mahali utakapomtolea samaki: penye mchanga na maji haba, pasipo mizizi. Samaki akiwa majini, maji humbeba. Ukimwinua, uzito wake wote waangukia mshipi. Basi usimwinue. Shika ufito juu kidogo, uache upinde, kwani kule kupinda ndiko kunakomchosha. Akikimbia, mlegezee, akitulia, mvute polepole.

Hata wavuvi wa trauti, samaki walioletwa Kenya kutoka ng'ambo mwaka 1905 na kutiwa katika mito ya baridi ya milima ya Nyandarua, hufanya vivyo hivyo. Hutangulia kuzamisha wavu mdogo, kisha humwongoza samaki aje juu yake; hawamfukuzi kwa wavu. Wewe usiye na wavu, tumia kikapu.

Kama huna hata kikapu, mngoje achoke, kisha rudi nyuma hatua chache ukimburura taratibu, kichwa mbele, hata mchangani. Kambale ana miiba miwili mikali kwenye mapezi ya ubavuni, karibu na kichwa. Jihadhari na mikono yako. Mpeleke mbali na maji upesi, kwani huvuta hewa, naye aweza kutambaa majanini hata arudi mtoni.

Ijumaa iliyofuata kijana alinasa mwingine. Mimi nilisimama nyuma yake, mikono mgongoni, kinywa nimekifumba. Alichukua muda mrefu, lakini alimtoa. Kisha akageuka akaniuliza, "Babu, mbona leo hukusema neno?"

Nikamjibu, "Mjukuu wangu, nami nilikuwa najifunza kutovuta kwa pupa."