Cheti cha Mjomba



Nataka kuwaeleza habari ya mjomba wangu, seremala wa Keko, ambaye nimekaa kwake tangu nilipokuwa darasa la tano. Bila shaka wengi wenu mwapajua Keko, hapa hapa Temeke, si mbali na Chang'ombe. Ukipita huko utaona vitanda, makabati na makochi yamepangwa kando ya njia, na utasikia misumeno tangu asubuhi hata jioni. Karakana ya mjomba ni banda la mabati lenye benchi mbili, na kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kupiga msasa na kufagia maranda.

Nitakiri kosa langu mapema. Nilipoingia kidato cha kwanza, wenzangu waliniuliza mlezi wangu hufanya kazi gani. Nikawajibu kwamba ana kampuni ya samani. Nilisema hivyo kwa sababu niliona haya. Wengine walikuwa wana wa makarani na wauguzi, nami sikutaka ijulikane kuwa ada ya mitihani na sare zangu zatoka katika banda lenye vumbi.

Mwaka jana jambo moja lilitokea. Kampuni moja iliyokuwa ikijenga jengo la ofisi ilitafuta maseremala wa kutengeneza milango. Mjomba alichukua ubao wa mninga, akatengeneza mlango mdogo wa mfano, ulimi wa kila ubao ukaingia katika tundu lake barabara bila msumari hata mmoja. Bwana aliyewapokea mafundi aliugeuza mlango ule huku na huku, akausifu sana. Kisha akauliza, "Cheti chako kiko wapi?" Mjomba hakuwa nacho. Alijifunza kazi kwa kumtumikia fundi mzee, naye hakumpa karatasi yo yote. Akarudishwa pamoja na mlango wake. Usiku ule hakula. Aliuegemeza mlango ukutani, akawa anautazama tu.

Juma lile lile mwalimu wetu wa Uraia alitufundisha mipango ya Serikali ya kuendeleza nguvukazi. Tulijifunza kwamba utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa karibu watu 80 katika kila watu 100 wafanyao kazi nchini walikuwa na ujuzi wa chini, na wenye ujuzi wa juu hawakufika 4. Serikali ikakusudia kwamba, nchi ikipanda kufikia uchumi wa kati, wenye ujuzi wa juu wawe 12 katika mia, wa kati 34, na wa chini washuke hata 54. Kwa ajili hiyo ilianzishwa mwaka 2016 programu ya taifa ya kukuza ujuzi, ambayo ndani yake vijana hupelekwa uanagenzi. Niliyakariri yote kwa ajili ya mtihani.

Jioni nilikuwa nikiyasoma kwa sauti, mjomba akisikiliza. Nilipomaliza akaniuliza, "Na mimi, mpwa wangu, wamenihesabu wapi?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikamwuliza mwalimu swali lile lile mbele ya darasa. Wengine wakacheka, lakini mwalimu hakucheka. Aliniambia kwamba sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ndiyo VETA, na kwamba waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi kutokana na mishahara wanayolipa, na sehemu yake huenda kuendesha mafunzo hayo. Tena VETA ina utaratibu uitwao urasimishaji ujuzi. Fundi aliyejifunza kazi mitaani hupimwa kwa kile anachokijua, na akifaulu hupewa cheti bila kuanza upya kama mtoto. "Mwambie mjomba wako aende Chang'ombe," akasema.

Kumshawishi hakukuwa kazi nyepesi. Mjomba aliishia darasa la saba, na kusoma kwake ni kwa polepole. Aliogopa kuchekwa na vijana. Tena siku ambayo seremala hayupo benchini ni siku ambayo nyumba yake haina kitu. Hata hivyo tulikwenda. Mimi ndimi niliyemjazia fomu. Nilipofika mahali pa kuandika miaka aliyofanya kazi, alihesabu kwa vidole, kisha akasema, "Andika ishirini na mitatu." Mkono wangu ulisita. Miaka ile ilikuwa mingi kuliko umri wangu, na mimi nilikuwa nikiificha.

Tangu siku ile kila jioni tulifundishana. Mimi nilimfundisha kusoma mchoro na vipimo vyake, naye alinifundisha kushika randa. Naweza kuwahakikishia kwamba mwanafunzi mgumu alikuwa mimi.

Siku ya kupimwa ilipofika, wapimaji walimtazama akifanya kazi, wakamwuliza maswali. Kazi ya mikono haikumshinda hata kidogo. Palipomshinda ni kwenye mchoro mmoja, na katika mambo ya usalama kazini, maana katika miaka yake yote hakuwahi kuvaa miwani ya kukinga macho. Basi akatakiwa ahudhurie mafunzo mafupi ya yale aliyopungukiwa. Alikwenda, naye huvaa miwani hata leo, na wanafunzi wake wawili amewalazimisha kuvaa vile vile.

Cheti kilipotoka, ile kazi ya milango ilikuwa imekwisha zamani. Sitawadanganya kwamba alitajirika. Lakini alipata kazi nyingine, milango ya nyumba mbili Mbagala, na mwenye nyumba alikiri kwamba kile cheti kilimwondolea wasiwasi. Mjomba amekitundika juu ya benchi, karibu na ule mlango mdogo wa mninga.

Ndugu zangu, nimejifunza kwamba mpango wa Serikali ni kitu chema, lakini haumfikii mtu mpaka atokee wa kumpelekea habari. Mafundi wangapi wa Keko, Tandika, Manzese na Mwananyamala hawajasikia neno urasimishaji? Magazeti ya Serikali hawayasomi. Lakini watoto wao na wapwa wao wamo humu shuleni, nao ndio wanaokariri tarakimu hizo kwa ajili ya mtihani. Yafaa wakuu wa mipango wawafuate mafundi karakanani, na yafaa sisi tusiwangojee.

Tangu Januari 2024 baadhi ya shule za sekondari zimeanza mkondo wa amali, na wadogo zetu watajifunza ufundi pamoja na hesabu na lugha. Nasikia wengine wanausema kuwa ni wa walioshindwa. Nami nilikuwa na mawazo kama hayo. Wazee husema, ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kabla hujamdharau fundi, jaribu kuranda ubao mmoja tu uwe sawasawa pande zote nne, kisha uje tuzungumze.

Muhula uliopita niliwaambia wenzangu ukweli, kwamba mjomba hana kampuni, ni seremala. Mmoja akaniuliza kama aweza kuwatengenezea kitanda nyumbani kwao. Nikamjibu kwamba aweza, na kwamba msasa nitaupiga mimi.