Wiki Moja Leuven kwa Binti Yetu Mwanafalsafa

Watu walipotuuliza binti yetu anasomea nini huko Ulaya, tulizoea kujibu, "Yuko chuo kikuu," kisha tukageuza mazungumzo upesi. Wenzetu kanisani wana watoto waliosomea udaktari, uhasibu na sheria. Wa kwetu alikuwa anasomea falsafa. Shemeji yetu mmoja, tena mbele ya wageni kwenye sherehe ya kipaimara, alituuliza kama hiyo falsafa huliwa kwa chumvi au kwa sukari. Watu wakacheka, nasi tukacheka. Lakini usiku ule hatukupata usingizi, maana tulikuwa tumekwisha kuuza kiwanja ili tufidie nauli na fedha za kujikimu ambazo ufadhili wake haukuzifikia.

Hata hivyo, akina mama wenzetu, kilichotufanya tufunge safari hakikuwa wasiwasi wa kazi. Ilikuwa simu. Jumapili moja tulimwuliza, kama ilivyo desturi yetu, amesali wapi siku hiyo. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mama, sijasali siku nyingi. Siwezi kuwadanganya." Sisi ni Walutheri, na watoto wetu wote tuliwafundisha kuomba kabla hawajajua kusoma. Baba yake alisema neno moja tu: "Twende."

Viza ilitusumbua kwa makaratasi: barua ya mwaliko, taarifa za benki, bima ya safari. Mzazi anayetaka kumtembelea mwanawe aanze mapema. Tulifika mwishoni mwa Novemba, na hapo tulikosea, kwa sababu mwezi huo Ubelgiji kunapambazuka saa mbili asubuhi na kufikia saa kumi na moja jioni ni giza tena, na katikati yake ni manyunyu.

Kutoka uwanja wa ndege wa Brussels treni hufika Leuven kwa muda wa robo saa hivi. Tulitegemea jiji kubwa, tukakuta mji ambao unaweza kuumaliza kwa miguu asubuhi moja. Lakini umejaa vijana! Wanapita kwa baiskeli mvuani bila mwavuli, wengine wamebeba mboga kwenye kikapu cha mbele, na ole wake mgeni anayesimama kwenye njia yao. Binti yetu alitupokea stesheni akiwa na baiskeli ya mtumba na koti lililomzidi. Alikuwa amekonda. Mama yeyote anajua kitu cha kwanza tulichokitazama.

Chumba chake kilikuwa juu kabisa, ngazi nyembamba zinazokaribia kuwa wima. Hapo wanafunzi hukiita chumba cha kupanga "kot". Kitanda, meza, dirisha moja, na jiko analotumia pamoja na wenzake saba. Katika jiko hilo tulipika wali wa nazi na maharage tuliyofungasha kutoka nyumbani, na wenzake wote saba wakaja kuonja: Mfilipino, Mmarekani, Wachina wawili, Mnijeria, Mpolandi na kijana mmoja wa hapo hapo ambaye alikula sahani tatu. Wanazungumza Kiingereza, ingawa mji wenyewe husema Kiholanzi, kwa kuwa chuo kina masomo ya falsafa yanayofundishwa kwa Kiingereza.

Chuo Kikuu cha Leuven kilianzishwa mwaka 1425 kwa ruhusa ya Papa Martin wa Tano. Wanawake walianza kupokelewa humo kama wanafunzi mwaka 1920, yaani wanaume walikaa humo peke yao karibu miaka mia tano. Taasisi ya falsafa ni changa zaidi: ilianzishwa mwaka 1889 na padri Désiré Mercier, baada ya Papa Leo wa Kumi na Tatu kuhimiza fikra za Mtakatifu Thomas wa Akwino zifundishwe upya. Mercier baadaye alikuwa kardinali, akajulikana sana kwa kuwatetea Wabelgiji wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Jengo ni la matofali, limekaa kama kanisa, na ndani lina maktaba ambamo tuliambiwa tusivue makoti kwa kelele.

Tulimwuliza: sasa humu ndani mnafanya nini hasa? Akatueleza kwamba siku nyingine husoma kurasa nne tu tangu asubuhi hadi jioni. Baba yake alishtuka. Kurasa nne! Lakini alipotuonyesha kurasa zenyewe, tulisoma aya moja mara tatu bila kujua inaanzia wapi. Mitihani mingi ni ya mdomo. Mwanafunzi hupewa swali, hupewa muda mfupi wa kujiandaa, kisha hukaa uso kwa uso na profesa na kujieleza. Huwezi kukariri ukapona, alisema, kwa sababu profesa atauliza, "Kwa nini?" mpaka ufike mwisho wa unachokijua. Mtoto huyu alipokuwa na miaka minne alitutesa kwa neno hilo hilo.

Kilichotugusa zaidi ni habari ya mjane mmoja. Katika taasisi hiyo kuna hifadhi ya maandishi ya mwanafalsafa wa Ujerumani, Edmund Husserl. Alizaliwa Myahudi, akabatizwa kijana akawa Mlutheri kama sisi, lakini kwa utawala wa Hitler alibaki kuwa Myahudi tu. Alifariki mwaka 1938 katika mji wa Freiburg, akaacha kurasa zipatazo elfu arobaini, nyingi zimeandikwa kwa hatimkato ambayo watu wachache waliweza kuisoma. Mkewe, Malvine, alibaki na shehena hiyo ndani ya nyumba, katika nchi ambamo vitabu vya Wayahudi vilikuwa vinachomwa moto. Mwaka huo huo akaja padri kijana Mfransisko kutoka Leuven, Herman Leo Van Breda, aliyekuwa akifanya utafiti wa shahada yake. Mama huyu akamwamini. Maandishi yakapitishwa kwenye ubalozi wa Ubelgiji mjini Berlin, yakavuka mpaka kama mizigo ya kibalozi. Mwaka 1939 Malvine mwenyewe naye akaja Ubelgiji, akangoja nafasi ya kwenda kwa watoto wake Marekani. Vita vikamkuta hapo. Watawa wa Herent, kijiji kilicho jirani na Leuven, wakamsitiri nyumbani kwao mpaka vita vikaisha, na mwaka 1946 akawafikia wanawe.

Huyo Husserl aliwahi kuwa na msaidizi mwanamke, Edith Stein, ambaye naye alikuwa Myahudi. Alikuwa na udaktari wa falsafa, lakini milango ya uprofesa ilifungwa kwa kuwa ni mwanamke. Alibatizwa mwaka 1922, akawa mtawa wa Karmeli mwaka 1933, akauawa Auschwitz mwaka 1942. Binti yetu anasema katika ujana wake Edith alikuwa ameacha kusali kabisa. Alilisema hilo bila kututazama, akiendelea kufungua kufuli la baiskeli.

Kesho yake alitupeleka Groot Begijnhof. Ni kama kijiji ndani ya mji, nyumba zinazokaribia mia moja za matofali mekundu, na mto Dijle unapita katikati. Tangu karne ya kumi na tatu waliishi hapo wanawake walioitwa mabegini. Hawakuwa watawa. Walisali pamoja na kuishi kwa usafi, lakini hawakuweka nadhiri za milele. Aliyetaka kuolewa aliruhusiwa kuondoka. Walijitegemea kwa kazi za mikono yao: kusokota na kufuma sufu, kuuguza wagonjwa, kufundisha watoto. Wajane nao walipata kimbilio. Mbegini wa mwisho kabisa alifariki mwaka 2013 katika mji wa Kortrijk. Chuo kilinunua kijiji hicho cha Leuven mwaka 1962, kikakikarabati, na sasa wanakaa humo wanafunzi na walimu wageni. Tulipopita tuliona nguo za mtoto mchanga zimeanikwa dirishani. Hatuna hakika kama mabegini wangefurahi, ila sisi tulifurahi.

Swali la ndoa tulikuwa nalo, tusijifanye. Ana miaka ishirini na saba. Tulilitoa jikoni usiku, tukimenya viazi. Akacheka, akasema anayo, lakini kwanza anataka kumaliza tasnifu yake. Tukamwuliza inahusu nini. Hapo macho yakamng'aa.

Akatuambia kwamba mwaka 1945 mmisionari Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga, Placide Tempels, alitoa kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu, akawashangaza Wazungu wenzake waliodhani Mwafrika hana falsafa. Kisha padri Mnyarwanda, Alexis Kagame, katika kitabu chake cha mwaka 1956, akaichunguza lugha yake mwenyewe na kuonyesha kwamba inagawa vyote vilivyopo mafungu manne: muntu, kintu, hantu, kuntu. "Mama, sikiliza vizuri," akasema. "Mtu. Kitu. Mahali. Namna. Umekuwa ukiigawa dunia hivyo kila siku sokoni." Halafu akatueleza kuwa wako Waafrika waliopinga, kama Paulin Hountondji wa Benin, waliosema kuwa lugha na desturi za watu wote kwa jumla si falsafa, mpaka mtu mmoja asimame, afikiri, aandike na akubali kubishwa. Yeye bado hajaamua yuko upande upi. Baba yake, ambaye hakuwa amesema kitu, akauliza, "Na mbuzi ni mtu au kitu?" Wakabishana mpaka saa sita usiku. Viazi vikaungua.

Siku ya tano tuliingia kanisa la Mtakatifu Petro, lililotazamana na ukumbi wa mji wenye sanamu zaidi ya mia mbili ukutani. Ndani kuna picha ya Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Dirk Bouts kati ya mwaka 1464 na 1468. Maprofesa wawili wa teolojia wa chuo hicho ndio waliomwelekeza mchoraji. Pembeni mwa meza ya Bwana kuna picha nne ndogo za Agano la Kale, mojawapo ni ya nabii Eliya amelala chini jangwani, na malaika anamwamsha. Tulisimama hapo muda mrefu. Binti yetu akasema, "Eliya alikuwa amechoka mpaka akaomba afe. Malaika hakumgombeza. Alimpa mkate, akamwacha alale tena." Tulikuwa tumeandaa maneno mengi tangu nyumbani, mengine tumeyaandika kwenye daftari. Hatukuyasema. Tulimpeleka kula.

Jumapili tulikwenda ibadani katika kanisa dogo la Kiprotestanti. Hatukumlazimisha; alikuja mwenyewe kututafsiria. Mahubiri yalikuwa ya Kiholanzi, naye alitunong'oneza sentensi kwa sentensi. Nyimbo alitufunulia ukurasa na kutushikia kitabu, lakini hakuimba. Sisi tuliimba kwa Kiswahili, kwa kuwa sauti ya wimbo mmoja tuliijua. Mzee mmoja wa mbele aligeuka akatabasamu.

Stesheni tulimwachia vitenge viwili, unga uliobaki na koti la baba yake ambalo lilimtosha zaidi kuliko lake. Akatuambia kwamba anataka kuomba nafasi ya udaktari, miaka minne mingine, na akatuuliza tunaonaje. Treni ilikuwa inaingia. Baba yake alisema atume maombi, mengine tutazungumza.

Ameyatuma; tunangoja jibu. Kila Jumapili bado tunampigia simu. Siku hizi hatumwulizi amesali wapi. Tunamwuliza wiki hii amesoma kurasa ngapi, naye huanza kueleza mpaka salio linakwisha.