Barua Inayongojwa

Watu wa kale walisema kuwa barua ni nusu ya kuonana. Neno hilo ni la haki kwa barua ya mtu mmoja kwa mwenzake. Kwa barua moja ipelekwayo kwa watu mia tano, siku moja na saa moja, kwa njia ya baruapepe, haki yake ina shaka. Mpelekaji hudhani ameonana na wote, na pengine hapana hata mmoja aliyeonana naye.

Barua ya namna hii ina umri mdogo, lakini imekwisha kuchosha watu wengi. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani, alipeleka baruapepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hata nyingine kwa njia ya mtandao. Haikupita miaka kumi, mwaka 1978, Gary Thuerk, mtu wa biashara, akapeleka tangazo moja kwa watu wapatao mia nne ambao hawakumwomba. Tangu hapo kisanduku cha barua kimekuwa kama baraza iliyo njiani: kila apitaye huketi akasema lake. Basi mtu ajiandikishaye kwa hiari yake kupokea barua ya mwezi amefanya hisani kubwa, kwa kuwa amemwita mgeni mmoja zaidi katikati ya makelele. Mgeni asiyejua kwa nini ameitwa hafiki mbali.

Katika kisiwa cha Pemba jambo hili lina uzito wa pekee, maana Wapemba ni watu waliotawanyika. Wavuvi wa Kojani huenda dago na kukaa miezi katika pwani za watu. Wafanyabiashara wameenea Bara yote. Jamaa wengi wako Maskati na miji mingine ya Omani tangu Mapinduzi ya mwaka 1964. Na baada ya mauaji ya Januari 2001 watu wapatao elfu mbili walivuka bahari kukimbilia Shimoni, na wako ambao hawakurudi. Mtu akiketi Wete au Chake Chake akawaandikia hawa barua ya kila mwezi, hawaandikii wageni. Anawaandikia ndugu. Walakini ndugu nao huchoka. Barua ya kwanza husomwa kwa machozi, ya tatu husomwa kwa adabu, na ya saba hufutwa kabla ya kufunguliwa.

Lawama ya jambo hili aghalabu hutupwa juu ya msomaji, kwamba watu wa siku hizi ni wavivu wa kusoma. Lawama hiyo si ya kweli. Msomaji huiacha barua kwa sababu imemletea alichokwisha kupata. Bei ya karafuu hufika Maskati kwa simu kabla jua halijachwa. Habari za msiba hufika kabla ya maiti kuoshwa. Mwandishi anayezikusanya habari hizo mwisho wa mwezi, akazipanga kwa vichwa vya maneno vizuri, anawapa watu chakula kilichopoa. Simu haina nafasi ya mambo madogo yasiyo na haraka: namna harufu ya makonyo inavyotoka kiwandani Wawi na kushika njia nzima, jina alilopewa ng'ombe wa mchezo mwaka huu, na sababu ya kupewa jina hilo, mkarafuu gani ulioanguka, na nani alikuwa akikaa kivulini mwake. Mambo haya ni ya barua.

Lakini hata barua iliyojaa mambo mazuri hufa, ikiwa msomaji hana kazi ndani yake. Hapa Pemba ina walimu ambao hawakuona kompyuta. Kamange na Sarahani, washairi wa kisiwa hiki wa zama za babu zetu, ambao habari zao zimekusanywa katika kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba, walikuwa wakijibizana kwa mashairi. Shairi la mmoja lilikuwa na deni ndani yake, na deni lilipaswa kulipwa na mwingine. Msikilizaji aliyepata la kwanza hangeweza kutulia mpaka apate la pili. Hapakuwa na hila yoyote ya kumshika mtu. Palikuwa na neno lisilokwisha.

Magazeti ya kwanza ya Kiswahili yalifuata njia hiyo hiyo, kwa kujua au kwa bahati. Msimulizi, lililoanza mwaka 1888 katika skuli ya misheni ya Kiungani, Unguja, lilitegemea habari zilizoandikwa na watu waliokuwa mbali katika vituo vyao. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi ambamo wasomaji waliulizana na kujibizana. Mtu alingoja toleo jipya ili aone kama shairi lake limetoka, au kama yupo aliyemjibu. Gazeti la serikali halikuwa na mvuto mkubwa kuliko huo, na serikali yenyewe haikuwa na sehemu kubwa katika mvuto huo.

Basi mwandishi wa Wete aulize. Asiulize kwa heshima tupu, kama wafanyavyo wengi wanaomaliza barua kwa kusema kuwa maoni yanakaribishwa. Karamu isiyo na saa haina mgeni. Aulize jambo moja ambalo yeye hajui na msomaji huenda akajua. Kisima hiki kilichimbwa na nani? Samaki huyu Micheweni huitwaje, na Mkoani huitwaje? Mwezi ufuatao majibu yatolewe yote, pamoja na majina ya wenyewe wakiridhia, hata yanayopingana. Na yanayopingana ndiyo bora, maana yatazaa barua ya tatu.

Wanachuo wanaosoma lahaja wangepaswa kulitazama jambo hili kwa makini. Msemo wa Pemba hubadilika kutoka kijiji hata kijiji, na maneno mengi hayakupata kuingia katika kamusi. Msichana aliyeondoka kisiwani mwaka 1964 naye ana miaka kumi na mitano, leo amepita sabini na mitano. Yuko Maskati, ana maneno ambayo huenda Wete hayasemwi tena, na hapana aliyemwuliza. Barua ya mwezi yaweza kumfikia kwa mkono wa mjukuu. Mwaka ujao huenda isimkute.

Wako wanaopima kazi yao kwa hesabu ya barua zilizofunguliwa. Hesabu hiyo hupatikana kwa picha ndogo isiyoonekana iliyofichwa ndani ya barua, ambayo ikiitwa na kompyuta ya msomaji hutoa taarifa. Tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple huweza kuiita picha hiyo yenyewe, msomaji awe amesoma au amelala. Jibu moja la mistari miwili lina yakini zaidi. Na asiyetaka tena aonyeshwe mlango wa kutokea, uwe wazi mwishoni mwa barua. Kumzuia mtu barazani hakumfanyi asikilize.

Kazi ya majibu si nyepesi. Wazee wengine wataandika kwa hati za Kiarabu kama walivyofunzwa chuoni, na mjukuu atapiga picha ya karatasi. Wengine hawataandika kabisa. Watasema ndani ya simu dakika ishirini, wakianza na salamu za watu ambao wengine wamekwisha kufa. Lazima pawe na mtu wa kuketi kuisikiliza sauti hiyo mara tatu na nne na kuiandika neno kwa neno, na katika nyumba za Wete mtu huyo aghalabu huwa ni binti wa nyumbani, baada ya sala ya isha, vyombo vikiisha kuoshwa.