Niambie Linachemshia Wapi

Dereva wa matatu akiniletea gari linalochemsha hapa Kawangware, mara nyingi huwa amekwisha kupewa hukumu kwingine: gasketi ya hedi imeungua, hedi itolewe ikachongwe. Mimi sishiki spana kwanza. Namuuliza, "Ndugu, linachemshia wapi?"

Jibu lake ni nusu ya kazi. Akisema joto hupanda kwenye msongamano wa Tom Mboya au Museum Hill, kisha mshale hushuka gari likikimbia, nashuku feni. Mwendoni upepo wenyewe hupita kwenye rejeta. Gari likisimama, feni ndiyo tegemeo. Huenda mkanda umelegea, au klachi ya feni imechoka. Lakini akisema kwenye foleni gari limetulia, ila likijaa abiria na kuanza kuukwea mlima wa Valley Road mshale unapanda hadi kwenye alama nyekundu, basi naangalia rejeta na pampu ya maji. Huko mlimani injini inatoa joto jingi, na rejeta iliyoziba tope kwa nje au kutu kwa ndani haiwezi kulipunguza. Kutu hiyo tunaileta wenyewe kwa kujaza maji matupu ya mfereji mwaka mzima bila kulanti.

Mafundi wa boti kule Pwani wana nafuu moja. Injini nyingi za ndani ya boti huvuta maji ya bahari na kuyatema nje, kwa hiyo fundi huanza kwa kutazama kama yanatoka kwa nguvu. Sisi mzunguko wetu umefungwa, inabidi tuusome kwa mkono. Injini imechemsha, paipu ya juu ya rejeta ni moto na ya chini bado baridi? Maji hayapiti. Thamostati imekwama au rejeta imeziba.

Kinachodharauliwa kuliko vyote ni kizibo cha rejeta. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yaliyo kwenye sufuria wazi huchemka yakifika nyuzi 94 au 95 hivi, si 100 kama Mombasa. Kizibo kizima huyabana maji kwa shinikizo, hivi kwamba hata yakipita nyuzi 110 hayachemki. Springi yake ikilegea au mpira wake ukipasuka, kinga hiyo imekwenda. Thamostati nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kwa hiyo kati ya injini kufanya kazi yake ya kawaida na maji kuanza kutokota panabaki nyuzi kumi na kitu tu. Panda Waiyaki Way uelekee Limuru, zaidi ya mita 2,200, na nafasi hiyo inazidi kubana. Gari lenye kizibo kibovu laweza kuvumilia Mombasa likaadhirika Uthiru. Kizibo kipya pale Kirinyaga Road, ambako wengi bado tunaita Grogan, ni senti ukilinganisha na kazi ya hedi. Kumfungulia mtu injini kabla ya kupima kizibo naona ni dhuluma: siku gari liko juu ya mawe, dereva hana mkate na mwenye gari ana mkopo wa kulipa.

Shinikizo hilohilo ndilo linalounguza makanga usoni. Kizibo hakifunguliwi injini ikiwa moto, hata kama abiria wanapiga kelele. Maji baridi nayo hayamwagwi kwenye injini iliyochemsha. Hedi ya alumini hupinda, hata kupasuka.

Halafu kuna desturi ya kutoa thamostati na kuitupa, ati nchi yetu ni ya joto. Naipinga kwa nguvu zangu zote. Kwenye injini nyingi za Toyota, thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na gari linaweza kuchemsha kuliko mwanzo. Ukiishuku, itie kwenye sufuria ya maji jikoni uitazame. Isipofunguka kabla maji hayajatokota, nunua nyingine.

Gasketi inaungua kweli, na ina dalili zake. Washa injini asubuhi ikiwa baridi: paipu ya juu ikikakamaa kabla maji hayajapata moto, au mapovu yakipanda mfululizo mdomoni mwa rejeta, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni shahidi mwingine.

Nikishatengeneza, gari linapanda Valley Road likiwa na mzigo, kisha linalala kwangu. Asubuhi napima maji kabla ya kuwasha. Yakiwa yamepungua, na chini hakuna hata tone, hapo ndipo namwita mwenye gari tuzungumze habari ya hedi.